Paa na Koti la Daktari Pimbi

Paa, ambaye hushtuka hata jani likidondoka, alikwenda kwa daktari Pimbi kupimwa moyo. Koti jeupe lilipotokeza mlangoni, moyo ukamwenda mbio, hata asimtazame usoni aliyelivaa.

Pimbi, mwenye subira, akatoka, akalivua koti, akarudi kuketi naye benchini. Wakazungumza habari za mvua na majani mabichi. Pimbi alipomshika mkono kumpima mapigo, moyo ulikuwa umetulia.

"Moyo wako mzima, ndugu yangu. Rudi nyumbani."

"Ahsante kwa kunifariji, ndugu, lakini namsubiri daktari aniambie mwenyewe."

Pimbi akaguna, akaenda kulivaa koti, akarudi. "Moyo wako mzima. Rudi nyumbani."

"Sasa nimeamini, daktari," akasema Paa, huku moyo ukimwenda mbio.