Chini ya Hamsini

Bangili ya sheria haivuliki. Kila mvuvi wa kisiwani kwetu amevishwa moja mkononi, na akishika kiumbe chochote kisichofika sentimita hamsini, inambana na kusema: "Ni mdogo. Mrudishe majini." Haiachii mpaka achovye mkono majini. Haitofautishi sangara na kuku. Wageni wakija, anayemkamata kuku ni mke wangu, Nyanjura.

Mwezi uliopita alirudi kutoka zahanati na mtoto wetu wa kwanza.

"Mpokee mwanao, Mafuru. Mbona unamwogopa?"

"Ana urefu gani?"

"Nesi ameandika arobaini na nane. Kwani unanunua kitenge?"

Nikaona aibu, nikampokea. Akanishika kidole.

"Ni mdogo," bangili ikasema. "Mrudishe majini."

Nyanjura alinipokonya mtoto, akarudi nyuma hadi ukutani. Vidole vyangu vilishaanza kufa ganzi. Sakafuni palikuwa na beseni la maji ya kumwogeshea mtoto. Nikachovya mkono.

Bangili ikalegea. "Ahsante, mvuvi. Mmoja amerudishwa."

Sasa mtoto amefika hamsini na mbili. Nikimbeba, bangili inanyamaza. Lakini nikiwa ndani, Nyanjura hamwogeshi.