Gari la Kujifunzia

"Zima! Mama, zima! Hapo hapo ulipo!"

Fundi aliruka ndoo ya oili chafu huku akipunga mikono. Gari kuukuu la rangi ya maziwa lilikuwa limeingia gereji likichora mstari mwembamba wa petroli, kutoka getini mpaka karibu na viatu vyake. Bibi mwenye miwani minene alizima injini. Mumewe, mzee mrefu aliyekaa pembeni yake, alishuka na kuzunguka gari polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali yake.

"Si nilikwambia linanuka?" alimwambia mkewe.

"Ulisema ni manukato yangu mapya."

Fundi aliinua boneti, akainama na tochi. Mpira wa petroli ulikuwa umechanika kama kisigino kisichojua mafuta. Hozi ya usukani, mpira unaopitisha mafuta ya kuulainisha, nayo haikuwa na nafuu: ilivuja mpaka chini ya injini, na mtu fulani alikuwa ameifunga kwa kitambaa na kamba ya kiatu.

"Nani kaifunga hivi?"

Mzee alitazama dari. "Ilishika miezi minne," alisema.

"Naweza kubadilisha hapa palipochanika tu, mkaenda zenu mchana huu."

"Hapana," alisema mzee. "Badilisha zote. Za petroli, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini. Za usukani pia. Na usituwekee kama hizi za zamani. Weka zile nene, zenye nyuzi za chuma ndani."

Fundi alimtazama vizuri. Wenye magari ya umri huu kwa kawaida humwomba waya na dua.

"Mna safari ya mbali?"

"Jumatatu kuna mtu anaanza kujifunzia gari hili."

"Ahaa, mjukuu!"

Mzee alishikwa na kikohozi. Bibi ndiye aliyejibu.

"Mtu wa nyumbani," alisema, akifuta miwani kwa ncha ya mtandio. "Daktari wa macho kanipa mpaka mwisho wa mwezi, kisha niachane na usukani. Na mimi nina dada yangu ng'ambo ya mto, mwaka wa pili huu hatoki kitandani. Kila Alhamisi namwosha nywele, tunasengenya watu, narudi. Mabasi hayaendi huko. Sasa asipopatikana wa kunipeleka, dada yangu atasengenya na nani?"

Fundi alicheka, lakini aliona jinsi bibi alivyogeuza uso upande wa ukuta aliposema hivyo.

"Huyo mwanafunzi anasikia akifundishwa?"

"Moyo anao," alisema bibi. "Masikio ndiyo hana. Mbishi huyo, sijapata kuona."

"Mbishi wapi!" alisema mzee.

"Unamtetea?" fundi alimtania.

"Mtu hakosi wa kumtetea." Mzee alisogea karibu na injini, akashusha sauti. "Hebu niambie. Hii hozi ya usukani ikipasuka mtu yuko kwenye kona, inakuwaje?"

"Usukani unakuwa mzito, kama unageuza nyumba."

Mzee aliigusa hozi kwa kidole. "Weka klempu mbili mbili za kuibana."

Kazi ilichukua siku mbili. Kila asubuhi mzee alikuja kwa miguu, akavuta stuli, akakaa. Aliuliza kila hozi inatoka wapi na inakwenda wapi. Fundi akilala chini ya gari, mzee naye alichuchumaa na kuchungulia. Kuna wateja wasiomwamini hata daktari, fundi alijisemea, na huyu ni kiongozi wao.

Siku ya pili, hozi zote zikiwa zimekaa mahali pake, ilibaki kutoa hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya usukani.

"Mzee, nisaidie. Kaa hapo mbele, geuza usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto. Taratibu. Mimi naangalia mafuta."

Mzee aliitazama suruali yake, mbele na nyuma.

"Nitachafua kiti," alisema. "Ngoja aje mwenyewe." Akatoa simu, akampigia mkewe.

Fundi alitikisa kichwa kimyakimya. Wanaume wengine, bwana! Hata kugeuza usukani, mpaka mke atoke jikoni.

Bibi alikuja, akakaa, akageuza. Mwanzoni usukani uliguna kama mtu aliyeamshwa usingizini. Baada ya mizunguko kumi ukanyamaza, na bibi akaugeuza kwa kidole kimoja, akicheka kama msichana.

"Mwepesi! Kama nakoroga chai!"

Mzee alipiga makofi. Fundi aliacha injini ikinguruma saa nzima juu ya magazeti makavu. Halikudondoka tone.

Jumatatu asubuhi walikuja wote wawili kulichukua, bibi kavaa viatu vya raba, mzee kanyoa ndevu na kuchomekea shati. Fundi alikuwa ameliosha gari na kulitoa mwenyewe mpaka kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji, akaliacha likinguruma. Alitazama huku na huku.

"Mwanafunzi wetu yuko wapi? Nimemfanyia kazi siku mbili, nami nataka kumwona."

Bibi alipita mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda, kisha akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika.

Mzee alimpa fundi mkono, akaushikilia muda mrefu kama anayeaga. Akaingia nyuma ya usukani, akachungulia miguuni pake.

"Haya, mke wangu," alisema. "Kati ya hizi tatu, breki ni ipi?"