Swichi ya Mama Mkwe

Zama hizo marehemu hakuzikwa mpaka arobaini yake ipite. Umeme mkubwa ulipitishwa mwilini mwake, akakaa sebuleni na wanawe, akitafuna na kuitikia salamu. Arobaini ikifika, swichi ilizimwa na jeneza likatoka.

Leo ilikuwa zamu ya mama mkwe wa Tunu, na Tunu aliingoja siku hii kwa hamu. Alichoka kumfuta ute wa kijani kidevuni. Alichoka na harufu ya nywele zilizoungua, ambayo sasa aliisikia hata kwenye chai. Mumewe, Mbwana, aliposhusha mkono wa swichi, Tunu alishusha pumzi.

Mama mkwe aliendelea kutafuna.

Fundi Shekue alifungua sanduku la swichi, akakunja uso. "Vyuma vya ndani vimeyeyuka vikagandana. Haizimiki tena hii. Nani alivipiga msasa?"

"Mimi," Mbwana alisema. "Kila Ijumaa, ving'ae. Ni heshima ya mama."

"Umekwangua madini ya fedha yote yaliyovikinga! Kuitoa lazima nizime mtaa mzima, na nyumba za watu zina marehemu wao. Sheria hairuhusu. Atakaa tu."

Tunu alimtazama mumewe, akitaraji kuona majuto.

Mbwana alikuwa akitabasamu. Alivuta pindo la kanga aliyojifunga Tunu, akamfuta nalo mama yake kidevu, taratibu.

"Mke wangu," alisema, "mpakulie mama. Ana njaa."