Mji Anaopewa Kunguru

Zamani ambayo si ya mbali, runinga zilipokwisha kufika porini, Kunguru alianzisha kampuni ya kutengeneza vipindi vya vitendawili. Watazamaji wakishindwa kujibu, walimpa mji, kama ilivyo desturi, ila Kunguru aliuchukua mji wenyewe. Watazamaji, kwa werevu wao, wakawa wanatoa miji ya wenzao.

Siku moja walitoa kichaka cha Kwale.

"Baba, nimeatamia mayai," Kwale alinong'ona.

"Mchezo ni mchezo, mama," akajibu Kunguru. "Haya, makofi!"

Watazamaji wakapiga makofi. Kwale akaondoka, mayai yakabaki.

Kampuni ikakua. Kunguru akafungua ofisi ng'ambo ya mto, kisha ng'ambo ya bahari, kwa vitendawili vilevile na makofi yaleyale. Nyumbani alimwachia Fisi kipindi.

Aliporudi, kifua mbele na miwani ya jua usoni, alimkuta Fisi ametega na wote wameshindwa.

"Basi nipeni mji!" alisema Fisi.

Miji yote ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Ndipo Kwale, ambaye hakuwahi kusema mbele ya kadamnasi, akainua bawa.

"Chukua mti wa Kunguru."

"Thubutu!" Kunguru akafoka. "Juu kuna makinda yangu!"

"Mchezo ni mchezo, bosi," Fisi akacheka, akiulizia shoka.

Kunguru akawageukia watazamaji wake. Walikuwa wakipiga makofi, kama alivyowafundisha. Mara hii hata Kwale alipiga.