Gari la Milango Miwili

Tangu apate kiharusi, mguu wa kushoto wa mzee haukuwa na nguvu ya kukanyaga klachi. Hata hivyo alisimama mbele ya gari la gia za mkono akilikodolea macho, kana kwamba lile la otomatiki lililoegeshwa ubavuni halikuwepo kabisa.

Mwanawe, mfamasia, alikuwa hatulii. Alilizunguka gari, akasoma simu, akalizunguka tena. Asubuhi dada yake alimpigia akamwagiza awasindikize wazazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, baba asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Zaidi ya yote, dada alisema, asinunue gari la kukimbiza. Na sasa haya mawili yaliyokuwa mbele yao hayakuwa na kazi nyingine duniani: mafupi, yameinama mbele, milango miwili tu. Yalikuwa mapacha kila kitu, rangi mpaka injini. Tofauti ilikuwa gia.

Muuzaji alimshauri mzee achukue la otomatiki. Unaweka gia mara moja, unakanyaga mafuta, basi. Hata kwenye foleni huchoki. Mfamasia aliunga mkono haraka haraka. Mzee aliwaacha wamalize, kisha akauliza jambo moja tu: kiti cha dereva kinasogea mbele mpaka wapi?

Muuzaji alikisogeza. Mzee akapima kwa shubiri toka kwenye kiti hadi kwenye pedeli, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mfamasia aliona huruma. Alijua anaupigia hesabu ule mguu.

Wakaenda kuyajaribu, mwana akiendesha, baba pembeni yake. Mama naye alitaka kwenda. Alijipenyeza kiti cha nyuma, magoti upande, mkoba mapajani. Hivyo ndivyo watoto walivyomjua miaka yote: abiria asiyemsemesha dereva, anayeshuka na kusema ahsante.

Ndani ya lile la otomatiki mama alisinzia. Lile la gia za mkono lilimzimikia mfamasia pale pale getini, maana hakuwa amegusa klachi tangu siku ya mtihani wa leseni. Kwenye mlima alichelewa kubadilisha gia mpaka injini ikalia. Mama akakohoa. Kwenye kona akaingiza gia isiyo yake. Mama akakohoa tena. Mwanawe akamwuliza kama mwendo unamtia hofu, apunguze. Mama alijibu kwa upole kwamba hapana, aendelee tu.

Waliporudi yadi, mama alibaki ndani ya gari. Mfamasia alimvuta baba yake kando.

"Baba, daktari alisema hutaendesha tena. Ulimsikia."

"Nilimsikia vizuri."

"Sasa hili gari la nani?"

Mzee aliangalia pembeni. Alionekana kama kijana aliyefumaniwa. "Kuna mtu nilimwahidi," alisema. "Zamani, ninyi hamjazaliwa. Yeye ni gia za mkono tu, nyingine hataki hata kuisikia."

Mfamasia aligeuka akamtazama mama yake kupitia kioo, ametulia kule nyuma na mkoba wake. Mama huyu ndiye aliyemwogesha mzee tangu alipotoka hospitali, akimkanda ule mguu kila asubuhi mpaka vidole vikamuuma. Mfamasia akamwandikia dada yake neno kwa neno alichokisikia. Jibu lilikuja kabla hajairudisha simu mfukoni: huyo ni mwanamke, na mwenye macho alishaona.

Kumbe ndiyo maana amekuwa akinyoa ndevu kila siku. Kumbe ndiyo maana anajichekea peke yake kwenye kochi. Na asivyo na haya, amemleta mke wake kujaribu gari la mwenzake.

Mzee alilipa, akatia saini, akapewa hati. Mwanawe hakumzuia, pesa zilikuwa zake na mabishano mbele ya muuzaji yangemdhalilisha mama. Njia nzima hasira alizimalizia kwenye gia, na gari likawa linarukaruka kama lina kwikwi. Kichwani alikuwa ameshaamua. Funguo zitakaa mfukoni mwake mpaka dada afike, wamweke mzee kitako, aseme yote.

Lakini walipoingia uani hakuweza kusubiri. Alizima injini, akashuka, akainamisha kiti ili mama atoke. Mzee hakushuka. Alibaki pale pale na mkanda wake.

"Baba," mfamasia alisema, "huyo mtu uliyemwahidi, mtaje. Mtaje hapa hapa, mama asikie."

Mzee alimtazama mkewe, akatabasamu kwa aibu.

Mama alinyoosha mgongo, akaukabidhi mkoba wake kwa mwanawe, kisha akakinga kiganja.

"Lete funguo, mwanangu. Nimekuvumilia vya kutosha."

Gari likatoka getini kinyumenyume, mara moja, bila kugusa nguzo wala kuzima, na barabarani gia ya kwanza, ya pili na ya tatu zikapokezana bila hata kusikika.