Unga Chini ya Motokaa

Hamidi alikuwa amelala chali chini ya motokaa, akilibembeleza tone la mafuta.

"Dondoka, basi. Nikuone unatokea wapi."

Tone halikuja. Mchana kutwa haliji. Lakini kila asubuhi ya safari, chini ya gari lile kulikuwa na kidimbwi cha mafuta ambamo bata angeweza kuogelea.

"Bado unaongea na vyuma?" Ilikuwa sauti ya Anyesi, mpishi, aliyepiga magoti uani akisaga uwele kwenye jiwe.

"Niache, mtani wangu. Kesho asubuhi nisipojua linavujia wapi, Bwana ananipeleka bomani. Viboko hamsa ishirini."

"Basi geuka ulale kifudifudi, uanze kuzoea."

Bwana mwenyewe alikuwa Mjerumani, mnunuzi wa ng'ombe na ngozi. Watu wa Dodoma walimwita Bwana Sharubu, ingawa angefaa zaidi kuitwa kwa tumbo lake, lililotangulia kila mahali kama mpagazi mwenye haraka. Kila asubuhi Hamidi ndiye aliyemfunga kamba za viatu.

"Hajaviona viatu vyake tangu reli ifike huku," Anyesi alizoea kusema. "Ukimvisha vya kike atakushukuru."

Motokaa aliinunua kuukuu huko Dar es Salaam, ikaja kwa treni. Kutoka stesheni mpaka nyumbani ilisukumwa na wapagazi kumi, yeye akiwa ameketi juu na kushikilia usukani, macho ameyafumba. Vumbi, alisema. Tangu hapo, hakuna jioni iliyopita bila kuwasimulia Wagiriki wenye duka pale stesheni jinsi atakavyoruka nayo hadi Mlali kununua ng'ombe. Mara mbili walikuja kumuaga, na mara mbili walikuta kidimbwi. Mara mbili alimtukana fundi wake mbele yao mpaka sharubu zikasimama.

Hamidi alikuwa amebadilisha ngozi za kuzibia. Alikuwa amekaza kila nati mpaka vidole vikachubuka. Kwenye karakana ya reli alikojifunza kazi, injini ikiumwa ilikuonyesha panapouma. Hii ilikuwa na siri kama mke mdogo.

"Na kibuyu changu cha mafuta ya nyonyo kinapungua," Anyesi alilalamika. Mafuta ya mashine yaliyotoka Ulaya yalikwisha kitambo, na sasa gari lilitiwa hayo ya nyonyo aliyoyakamua yeye na kuyaweka jikoni. "Gari lenu linakunywa kumshinda baba mkwe wangu."

"Na kukojoa pia. Hebu nipe unga."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kulipaka gari."

"Makubwa! Sisi tule nini, nati?"

Lakini alimpa. Kabla jua halijazama, Hamidi aliifuta injini kwa kitambaa mpaka ikakauka, kisha akaipaka unga wa uwele kila upande. Panapovuja, unga utalowa, na mchezo utakwisha. Uliobaki akaumwaga chini, kuanzia gurudumu hadi gurudumu.

Anyesi alimtazama mpaka alipomaliza. "Likipona, kesho mnakwenda Mlali?"

"Tunakwenda."

Jiwe la kusagia likanyamaza. Mlali ndiko walikokuwa kaka zake, na ng'ombe wao. Bwana Sharubu alinunua kwa bei aliyoipanga peke yake, bunduki ikiwa mapajani.

"Basi Mungu alizidishie maradhi," alisema, akacheka. Hamidi hakuupenda mcheko ule.

Alfajiri kidimbwi kilikuwepo.

Hamidi akafungua injini. Nyeupe, kavu, kama alivyoiacha. Hakuna tone lililotoka humo. Mafuta yale yalimwagwa na mtu.

Akainama atafute nyayo. Kuku walikuwa wamemtangulia. Unga wote wa pembeni walikuwa wameudonoa na kuuchakura. Pembeni mwa mafuta tu, walikoogopa kukanyaga, yalibaki mashimo mawili ya duara, yamekaa sambamba. Magoti. Mtu alipiga magoti hapa, akapenyeza mkono chini ya gari.

Akageuka kuangalia jikoni. Anyesi alikuwa anainuka kwenye jiwe lake la kusagia, akijipangusa magoti. Yalikuwa meupe.

"Umeona linavujia wapi?" akauliza.

Hamidi aliwafikiria ng'ombe wa Mlali. Kisha akaufikiria mgongo wake, akaufikiria kwa muda mrefu zaidi.

"Hamidi!" Bwana Sharubu alikwisha kuketi barazani kwa chai, kitambaa cha meza kimemfunika kuanzia tumboni kwenda chini. "Umepata?"

"Nimepata, Bwana."

Anyesi akashika mwimo wa mlango.

"Chuma cha chini kina ufa," Hamidi alisema. "Mpaka kije kingine kutoka Ulaya. Tukienda hivi hivi, litatufia njiani, hapo Ihumwa." Akafumba macho, akingoja matusi.

"Kutoka Ulaya," Bwana Sharubu alirudia polepole. "Hiyo ni miezi mingi."

"Mingi mno, Bwana."

"Basi. Si kosa lako." Akakata kipande kinene cha mkate, akakipaka asali, akampa. "Wewe ni fundi hodari."

Hamidi akabaki na mkate mkononi. Hajapata kuona mtu aliyefiwa na safari akatoa asali.

Bwana Sharubu akainuka, akaweka kofia yake sawa, tayari kwenda stesheni kuwapa Wagiriki habari za msiba. Kamba za viatu zilikuwa wazi. Hamidi akachutama kuzifunga kama kawaida, akainua macho, na pale chini ya tumbo ambapo Bwana mwenyewe hakupaona siku nyingi, suruali nyeusi ilikuwa na magoti mawili meupe pe, meupe kwa unga wa uwele.