Rezista ya Lusweti

Asenath alikunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Shavu la pili lilikuwa limevimba.

"Ni mlango," alimwambia Mulama.

Macho ya Mulama yalikuwa kwenye kompyuta ya chuo alikofundisha, iliyofika kwake Buruburu ndani ya gunia la viazi. Programu yake ilichora antena. Leo ilichora waya wa kuanikia nguo kule Makongeni, ambao Lusweti, mume wa Asenath, aliufunga kwenye redio ya kificho kuongea na wenzake wa Pwani. Siku hizo maneno yao yalimtia mtu ndani, na kutoka ilikuwa bahati. Tayari gari la polisi lenye masikio ya chuma, la kunasa redio za kificho, lilikuwa linazungukazunguka mjini.

Kwenye kioo, mstari wa kijani ulipanda na kushuka. Vilima vitupu, na havisogei.

"Unaona, shemeji? Wimbi linakwenda, linagonga mwisho wa waya, linarudi. Yakikutana yanasimama hivi. Bwana yako anasikika Pwani, na mjini vilevile."

"Basi atashikwa."

"Tukiacha hivi, ndiyo. Lakini mkifunga redio ncha moja, na hiki kijidude, rezista, ncha ya pili, kitameza wimbi lisirudi." Akabonyeza. Vilima vikalala. "Sasa sauti inashika njia moja tu."

"Njia ya upande wa redio?"

"Wa rezista. Hapo ndipo watu hukosea, hudhani inaziba. Ifungeni ncha inayoelekea Kayole, mashariki, sauti iende zake Pwani. Mjini wataambulia mkwaruzo tu."

"Na ikifungwa ncha ya mjini?"

Mulama akacheka, kicheko kikavu. "Hapo ni kama amewapigia simu waje wamchukue."

Asenath akamwomba arudie. Akarudia.

"Ahsante, Mwalimu. Umenitoa mbali," akasema, akaifunga rezista kwenye pindo la leso.

Makongeni, Lusweti alikuwa amejifungia ndani tangu asubuhi, yeye na hasira zake.

"Umelala huko? Huyo msomi wako amesema nini?"

"Ufunge hii. Inameza mawimbi."

Akaigeuzageuza kiganjani. "Ncha gani?"

"Ya mjini," akasema Asenath, akamshikia ngazi.